Gari la Namba A

Washarika wenzetu, kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja Kilimanjaro hujaa magari. Watu huondoka Kimara, Mbezi na Tegeta kabla jua halijachomoza, wakapita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same na Mwanga, na jioni wanaanza kupanda mlimani kwao kula Krismasi na wazazi. Tunaingoja siku hiyo mwaka mzima. Migomba inafyekewa, mbuzi ananunuliwa, na bibi anamwambia kila anayepita njiani kwamba watoto wako Mombo, wanakuja.

Tunachotaka kusema hapa hakihusu safari hiyo. Kinahusu macho yetu siku ya Jumapili inayofuata. Zamani ibada ikiisha tulisimama nje kusikiliza mnada: mkungu wa ndizi, jogoo, mayai ya yule mama asiyekuwa na fedha ya sadaka. Siku hizi mnadani wamebaki wazee na wenye njaa. Wengine wote wanatazama magari, na hasa wanatazama namba.

Namba zetu kila mtu anazijua. Kuna T, kuna tarakimu tatu, kuna herufi tatu, na katika hizo herufi tatu ile ya kwanza ndiyo imekuwa kipimo cha binadamu. A zilitangulia, zikafuata B, C, D, na sasa tuko kwenye E. Mtoto wa darasa la nne anaweza kusimama chini ya mgrevilia akawapanga wajomba zake wote kwa madaraja bila kuwasalimia: huyu namba E, huyu D, yule bado yuko C, maskini. Wala haulizi gari lilitoka kiwandani Japani mwaka gani. Gari linaweza kuwa limetumiwa huko miaka 12 kabla ya kupakiwa melini, lakini likifungwa namba E hapa kwetu linahesabiwa kuwa jipya na mwenyewe anahesabiwa kuwa amebarikiwa.

Katika usharika wetu kuna kijana mmoja mwenye Toyota Starlet ya namba A. Hatutamtaja jina kwa sababu hakutuomba tumtetee, na akisoma haya huenda akaona aibu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, anaimba besi katika kwaya ya vijana. Gari alilinunua kwa muuguzi mstaafu aliyekuwa amelitunza vizuri, akalilipa kidogo kidogo kwa makubaliano ya mdomo. Starlet za aina ile ziliacha kutengenezwa mwaka 1999, Toyota ilipoleta Vitz badala yake. Maana yake Starlet changa kuliko zote za aina ile ina umri wa kuoa. Kijana wetu na gari lake ni marika.

Gari hilo amelipa jina la Bibi. Asubuhi akiliwasha hakanyagi mafuta kwa fujo. Anakaa, anasikiliza, anangoja injini ipate joto, ndipo anaondoka. Ukimwuliza mbona amechelewa atakujibu, "Shikamoo mzee, leo Bibi amelala vibaya." Kioo cha mlango wa kushoto kinapanda ukikisukuma kwa kiganja. Ndani ya buti kuna dumu la maji la lita 5, jeki, plagi mbili za akiba, kipande cha mpira wa tairi, na spana namba 10 iliyofungwa kamba ili isipotee. (Kila mwenye gari anajua kwamba spana namba 10 ndiyo hupotea. Zile zinazobaki ni zile usizozihitaji.) Dashibodi anaifuta kwa kitambaa cha kanga kuukuu ya mama yake. Na ana kaunta buku. Ndani ya hiyo kaunta buku, kwa mwandiko wa ubaoni, ameandika kila oili iliyobadilishwa, kilomita zilizosomeka siku hiyo, pedi za breki, mkanda wa taimingi, bei ya kila spea na jina la fundi aliyeifunga. Tumeliona daftari hilo. Kwa kweli lina mpangilio kuliko kumbukumbu za vikao vyetu.

Barabara yetu ya juu mnaijua. Wakati wa masika inakuwa sabuni. Magari makubwa yanapanda, sawa, lakini wenyewe wako Dar es Salaam wakati wa masika. Starlet haifiki tani moja na injini yake ni ya 1300, na kijana akiipeleka taratibu kwa gia ya kwanza, abiria mmoja akitembea nyuma na jiwe la kukinga tairi, inapanda. Kwa gari hilo bibi watatu wa jumuiya ya juu wanafika kanisani. Kwa gari hilo mama aliyepatwa na uchungu usiku wa kuamkia Pentekoste alifika hospitali. Mtu mmoja katika jumuiya yetu husema kwamba malaika wanalisukuma. Sisi hatufiki huko. Tunaona kaunta buku inatosha kueleza.

Sasa tueleze tulichomfanyia.

Jumapili ya mavuno, wakati wa shukrani, watu walipita mbele kama kawaida. Aliyefaulisha mtoto, aliyepona, aliyemaliza nyumba. Kijana akapita na bahasha yake, akasema anamshukuru Mungu kwa sababu gari lake limetimiza kilomita 300,000 na halijawahi kumwacha njiani na mgonjwa. Kanisa likacheka. Halikutabasamu, lilicheka, hadi viti vya nyuma. Mtu akasema kwa sauti, "Mwalimu, omba basi Mungu akupe jingine!" Watu wakapiga makofi. Kijana akaiweka bahasha kapuni, akarudi kwenye besi.

Tumelifikiria sana lile kicheko. Tumezoea kuombea magari mapya. Mtu anakuja na gari lenye nailoni kwenye viti, mchungaji anatoka na joho, tunalizunguka tunaimba, mwenye gari anatoa soda. Ni vizuri, kitu kipya kikabidhiwe kwa Mungu. Lakini ni nani alitufundisha kwamba kitu kinastahili shukrani siku kinapofika tu, na si siku zote kinapodumu? Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, Musa anawakumbusha Waisraeli miaka 40 ya jangwani, na moja ya matendo makuu anayoyataja ni kwamba nguo zao hazikuwachakalia mwilini. Hakuwaletea nguo mpya. Aliziacha zile zile zidumu, na jambo hilo linahesabiwa pamoja na mana. Mtume Paulo, amefungwa, anajua mwisho wake uko karibu, anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa. Mtu aliyepanda makanisa bara zima anataka joho lake kuukuu, lile lile. Hakuna anayecheka tukisoma waraka ule kanisani. Na Katekisimo Ndogo ya Luther, ambayo sote tuliikariri kabla ya kipaimara, inapoeleza fungu la kwanza la imani inashuka mpaka kwenye mavazi na viatu, chakula, nyumba na mifugo, vitu vya kila siku ambavyo Mungu anatupa. Kijana alikuja na kiatu chake cha kila siku, chenye magurudumu manne. Alikuwa amelielewa fungu la kwanza kuliko sisi tuliomcheka.

Yaliyofuata Desemba yalikuwa mabaya zaidi, nasi tunayakiri kwa sababu mmoja wetu tunaoandika haya ndiye aliyeshika ndoo ya chokaa. Kamati ya mapokezi iliamua kutenga maegesho. Kivuli cha migrevilia iliyo mbele ya mlango mkubwa tukakiwekea mawe yaliyopakwa chokaa, tukasema ni cha wageni. Neno "wageni" lilikuwa la adabu. Kila mtu alielewa ni kwa ajili ya nani, maana hatukuwahi kuwatengea wageni kitu wanapokuja kwa miguu. Jumapili ya kabla ya Krismasi Starlet ikafika na bibi watatu ndani. Mwenzetu akaisimamisha kwa mkono, akamwambia kijana ashuke nayo kule chini, karibu na migomba. Kijana akasema, "Sawa, mzee." Akarudi nyuma. Kutoka kule migombani mpaka mlangoni ni mwinuko, na mmoja wa wale bibi alilazimika kukaa chini njiani apumzike. Aliingia kanisani somo la pili likisomwa. Alikosa maungamo, yeye ambaye hayahitaji kama sisi tuliokuwa tumeyawahi.

Yakobo alilishughulikia jambo hili katika sura ya pili ya waraka wake: mwenye pete ya dhahabu anaonyeshwa kiti kizuri, maskini anaambiwa asimame kule. Tunaisoma sura hiyo kila tunapopangiwa. Tulichofanya sisi ni kuitoa nje ya jengo na kuipaka chokaa.

Kuna mafundisho nyuma ya mawe yale, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo. Yanaitwa injili ya mafanikio, na hayakuingia kwetu kwa mlango. Yaliingia kwa redio, kwa simu, kwa mikutano ya uwanjani, na kwa wahubiri waalikwa ambao tuliwaalika wenyewe. Yanasema imani ya mtu inaonekana kwa anachoendesha. Tulimsikia mmoja, hapa hapa kwetu, akihubiri juu ya kuingia Yerusalemu. Alisema Biblia inasema yule mwanapunda alikuwa hajapandwa na mtu yeyote. Kwa hiyo, wapendwa, Bwana alipanda zero kilomita! Kanisa likaruka. Na kweli Luka anasema hajapandwa. Lakini mhubiri hakuendelea. Mwanapunda yule aliazimwa. Wenyewe waliuliza kwa nini anafunguliwa. Na Marko anaongeza kwamba wanafunzi walipewa ahadi ya kutoa: atarudishwa. Bwana wa utukufu aliingia mjini na chombo cha kuazima, kwa ahadi ya kukirudisha. Katika Agano la Kale mmoja wa waliojitengenezea gari la farasi na watu 50 wa kukimbia mbele yao ni Absalomu, aliyeiba pia mioyo ya watu. Mnajua alivyoishia, juu ya mti.

Kuhusu punda, tungependa pia mhubiri yule atufafanulie Balaamu. Punda wa Hesabu sura ya 22 hakuwa mpya. Utetezi wake wote ni kwamba Balaamu amempanda siku zote hadi siku ile na hajawahi kumfanyia hivyo. Ni mnyama wa zamani, mwaminifu, anayepigwa fimbo. Ndiye aliyemwona malaika.

Wapo watakaosema tunahubiri umaskini. La. Mawe ya msingi wa kanisa hili yalibebwa na lori la mshiriki aliyefanikiwa, na wenye magari makubwa wametutendea mema ambayo hatuyasahau. Mtu akiweza kununua gari zuri kwa fedha yake, anunue, tutamwombea na soda tutakunywa. Hatusemi pia kwamba kila mkweche ni mtakatifu. Gari kuukuu lisilotunzwa linaua. Breki zikifa kwenye mteremko wetu hazijali namba. Wenzetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa, na huku kwetu gari la umri mkubwa linaongezewa ushuru. Serikali zina sababu zake. Lakini Starlet tunayoizungumzia inakaguliwa kila mwaka, ina stika ya Nenda kwa Usalama kiooni, bima ndogo hai, na matairi yenye meno. Tumewahi kuona magari ya namba D yanayopumua kama tanuri la mkaa, na hakuna aliyeyapeleka migombani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kijana analipenda gari kupita kiasi. Amelipa jina, anaongea nalo, analifuta kwa kanga. Je, si sanamu? Tulilitafakari kwa uaminifu, tukamwita mmoja wetu anayemfahamu sana. Sanamu hukuinua juu ya wengine na hudai watu watolewe kwake. Bibi hajamwinua mtu. Amemfanya kijana mcheshi, mvumilivu, na mwenye mikono myeusi ya grisi Jumamosi. Mwaka jana alipoombwa gari kwa ajili ya msiba wa Mwanga alilitoa bila kuuliza nani atalipa mafuta. Upendo unaokuwezesha kutoa kitu hatuuiti ibada ya sanamu. Na amri ya mwisho katika Kutoka sura ya 20 inakataza kutamani punda wa jirani; huyu ndiye mtu pekee katika kwaya yake ambaye, kwa ushahidi wote tulionao, hatamani punda wa mtu.

Sema sisi tulikuwa tukimfundisha atamani. Kwake hatukufaulu. Kwa mwenzake tulifaulu.

Wako vijana wawili waliokuwa wakikaa kiti kimoja kwenye besi. Huyu wa pili alikuwa na pikipiki, na alikuwepo siku ya mavuno tulipocheka. Mwezi Novemba alichukua mkopo wa wale wakopeshaji ambao watu wanauita kausha damu. Aliacha kadi yake ya benki na namba ya siri, akaacha kadi ya pikipiki, akauza na miti ya mbao aliyopandiwa na babu yake. Desemba alikuja kanisani na gari la namba E. Tulimpa kivuli. Mwenzetu mwenye ndoo ya chokaa alimpungia mkono aingie ndani ya mawe, ingawa hakuwa mgeni, alizaliwa hatua 500 kutoka pale. Katika ushuhuda alisema Mungu amemtoa kwenye vumbi, nasi tukasimama kupiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Mwanangu, umepata wapi?" Tungemwuliza kama angekuwa amekuja na mbuzi.

Gari lilichukuliwa kabla ya Pasaka. Mshahara wake unaingia kwenye kadi ambayo hana. Tangu Jumapili ya Mitende hajaonekana kwaya wala kanisani, na mama yake anapokuja peke yake anakaa karibu na mlango, anaondoka kabla ya mnada. Kwa miezi mitatu sasa, sisi wazee wa kanisa tumekutana mara nne na jina lake halijatajwa kwenye kikao hata mara moja. Tulijadili rangi ya uzio.

Aliyekwenda ni mwenye Starlet. Tumeambiwa hivyo na mama. Anafika siku za Alhamisi jioni, anaegesha nje ya kihamba, hapigi honi. Mara ya kwanza mwenzake hakutoka. Mara ya pili alitoka wakafungua boneti, wakashika shika nyaya kwa nusu saa hali gari halikuwa na ugonjwa wowote. Mama anasema hawakuzungumza habari za deni. Alhamisi iliyopita walikwenda nalo mpaka mjini kwa fundi, na aliyeshika usukani alikuwa yule mwingine.

Basi tunaleta maombi yetu kwa baraza la wazee, na tunayaandika hapa ili yasije yakasahaulika kama mengine. Mawe ya chokaa yaondolewe kabla ya Desemba. Aliyeyapaka amekubali kuyaondoa mwenyewe. Kivuli cha mbele kiwe cha gari lolote lililoleta mtu asiyeweza kutembea, namba yoyote. Kila anayekuja kushukuru kwa kitu kilichodumu aombewe kwa joho lile lile linalovaliwa kwa ajili ya magari mapya, na soda itatolewa na sisi tuliocheka. Tena wazee wawili waende nyumbani kwa yule kijana wiki hii, wasipeleke neno la kuonya. Wapeleke bahasha, na wakae mpaka chai iishe. Kwa vile njia ya kule juu bado ina matope, watahitaji usafiri. Tumeshamwomba mwalimu. Amesema Jumamosi asubuhi inawezekana, ila wasichelewe, kwa sababu Bibi akishapata joto hapendi kusubiri.